Sentimita Hamsini na Mbili

Kwa miaka ishirini na tisa, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, inyeshe isinyeshe, Bwana Sentimita alishuka ngazi kumi na saba za zege mpaka ukingoni mwa mto, akainama mbele ya ubao wenye mistari na namba, akasoma maji yamefika wapi, akaandika. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na midomoni mwa ndugu wachache. Mtaa mzima ulimwita Bwana Sentimita, naye hakuwahi kulikataa jina hilo, maana kusema kweli lilimpendeza. Mtu akimwambia, "Mto umejaa leo," alimuuliza, "Umejaa kiasi gani?" na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa alikuwa na mwaka wa pili tangu astaafu, na kazi yake kubwa ilikuwa kumsahihisha binti yake. Binti alikuwa mkunga wa zahanati, mwanamke wa miaka arobaini asiyebabaishwa na kelele za mtu, na walikuwa wakiishi nyumba moja tangu mama mtu afariki. Baba alimsahihisha chumvi, alimsahihisha saa, alimsahihisha hata hesabu ya watoto aliowazalisha wiki hiyo. Mkunga alikwisha zoea. Alimwacha aseme mpaka achoke, kisha akampa chakula.

Jioni moja mkunga alirudi uso umemchanua. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akizalisha katika chumba kimoja chenye vitanda vitatu, na mama wa nne akija usiku huohuo alilazwa kwenye godoro sakafuni. Alikuwa ameandika barua mpaka mkono ukamuuma.

"Baba, wamekubali! Wodi ya wazazi inajengwa. Vitanda kumi na viwili, maji ndani, choo ndani."

"Wapi?"

"Kile kiwanja tambarare nyuma ya zahanati, upande wa mtoni."

"Upande wa mtoni," mzee alirudia.

"Usianze, Baba, nakuomba. Mhandisi amepiga hesabu zote. Amechukua vipimo vya idara ya maji, vya miaka kumi na mitano. Mafuriko makubwa kuliko yote yalifika mita mbili na sentimita themanini na moja. Sakafu anaiweka mita tatu na kumi, kwa kipimo cha jiwe la wapima ramani lililopo darajani. Na hivyo vipimo si vyako mwenyewe? Nilikaa pale kwenye kikao, kichwa juu, nikasema moyoni, huyo ni baba yangu."

Alidhani atamfurahisha. Mzee aliweka kikombe chini.

"Ongeza hamsini na mbili," alisema.

"Hamsini na mbili za nini?"

Ikabidi amweleze. Miaka kumi na sita iliyopita gogo lililobebwa na maji liligonga nguzo ya ubao na kuivunja. Baada ya wiki mbili akaja fundi wa idara na nguzo mpya. Pale pa zamani chini palikuwa pameliwa na maji, nguzo haikushika. Fundi, mtu wa haraka zake, aliusimamisha ubao pale uliposhika, juu kidogo ya ulipokuwa, akapanda gari akaondoka. Bwana Sentimita alipima tofauti kwa futi yake mwenyewe: sentimita hamsini na mbili. Tangu siku hiyo ubao ulisema kidogo kuliko mto. Ubao uliposema mita mbili na themanini na moja, maji yenyewe, kwa kipimo cha zamani, kile cha jiwe la darajani, yalikuwa mita tatu na thelathini na tatu.

Mkunga alipiga hesabu kimyakimya. Uso ulimshuka.

"Yanapita juu ya sakafu."

"Sentimita ishirini na tatu."

"Baba, humo ndani atakuwamo mtu aliyejifungua saa moja iliyopita. Ataokoka vipi, akimbie na kitoto mkononi?" Alikaa kitako. "Nani mwingine anajua habari hii?"

"Ofisi inajua. Niliandika."

"Uliandika mara moja?"

"Kila mwezi. Kwenye safu ya maelezo, pembeni ya namba." Alisema bila kupepesa jicho, maana aliamini hivyo.

Kesho yake asubuhi baba na binti walimkuta mhandisi kiwanjani. Vigingi vilikwisha pigwa na kamba zimevutwa, na vibarua walikuwa wakishusha kokoto. Mhandisi alikuwa kijana mwenye adabu, kofia ngumu kichwani na simu mbili mfukoni. Aliamkia, akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kila mhandisi angelifanya, kisha akakuna shingo.

"Mzee wangu, usinielewe vibaya. Kila jengo ninalojenga anakuja mzee mmoja na mafuriko yake. Mmoja aliniambia maji yalimfika babu yake kidevuni. Nikamuuliza, babu alikuwa na urefu gani? Hakujua."

"Mimi si mzee wa kidevu," alisema Bwana Sentimita, sauti imepanda. "Hizo takwimu ulizonazo nimeziandika mimi."

"Sawa kabisa. Lakini mimi nina jedwali la idara lenye mhuri. Hapa," aligonga karatasi kwa kidole, "hakuna pahali palipoandikwa ubao uliinuliwa. Niletee karatasi ya idara inayosema hivyo, mimi mwenyewe nitasimamisha kazi. Zege linamwagwa Jumatatu ya wiki ijayo."

Mzee alilitazama jedwali. Lilikuwa limechapwa vizuri, safu ya tarehe na safu ya kina cha maji. Safu ya maelezo haikuwamo. Mtu aliyelichapa aliona namba zinatosha. Mkunga alibaki na wagonjwa wake, na baba yake akashika njia ya ofisini.

Masjala ya idara ya maji ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja la wateja, meza moja, na makabati ya chuma yaliyopakwa rangi ya kijivu tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Karani wake mtaa ulimbandika jina la Mama Subiri, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kwa kila aliyefika pale dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejifunza kazi kwa bosi aliyemwambia kwamba karatasi ikitoka haitoki peke yake, inatoka kwa pesa ya unga wa karani.

"Subiri, mzee. Unataka nini hasa?"

"Madaftari yangu ya mto. Ya mwaka ule nguzo ilipovunjika, na yaliyofuata."

"Madaftari ya serikali."

"Mwandiko ni wangu."

"Mwandiko wako, daftari la serikali," alisema Mama Subiri, naye alionekana kuridhika na jibu lake. "Na mkuu wa idara yuko semina mpaka mwisho wa mwezi. Bila saini yake sitoi kitu. Unayatakia nini?"

Bwana Sentimita alifungua kinywa aeleze, kisha jicho lake likatua kwenye tangazo lililobandikwa ukutani, nyuma ya bega la karani. Lilikuwa na nembo juu na aya sita chini. Mtu aliyesoma namba ndogo kwenye maji machafu kwa miaka ishirini na tisa hashindwi na tangazo. Akaanza kulisoma kwa sauti, taratibu, na watu wawili waliokuwa kwenye foleni nyuma yake wakasogea wasikie.

"'Kila mtu ana haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Mwombaji halazimiki kueleza sababu ya ombi lake.'"

Mama Subiri aligeuka, akalitazama tangazo.

"Endelea," alisema mtu mmoja kwenye foleni.

"'Taarifa zinazohusu usalama wa maisha ya watu zitolewe ndani ya siku mbili. Aliyepewa taarifa anaweza kuinakili, kuichapisha na kuitumia kwa kazi yoyote halali.'"

Karani alisimama, akavaa miwani, akalisogelea tangazo mpaka pua ikakaribia kuligusa. Alilisoma lote, akarudi kukaa.

"Hili nililibandika mwenyewe," alisema. Sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisemesha. "Lilikuja na gundi yake. Sikulisoma mpaka chini." Alivuta droo, akatoa fomu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiomba, bado imefungwa kwenye ukanda wake wa karatasi pamoja na wenzake tisini na tisa. "Jaza hapa, mzee. Njoo keshokutwa. Mkuu akiniuliza, nitamwonyesha ukuta."

Keshokutwa ilikuwa Alhamisi. Mama Subiri alikuwa amelitimua vumbi la stoo nzima, kilemba chake kimegeuka rangi. Mezani yalikuwapo madaftari kumi na sita yenye majalada ya kijani. Alimpa mzee kiti cha wageni, akampa na kitambaa cha kufutia mikono. Bwana Sentimita alipoona mwandiko wake wa zamani, ulionyooka, usio na kifutio hata kimoja, alitabasamu. Hili ningekuwa muongo nisipolisema: alijipenda kidogo.

Aliyapata maelezo yake ukurasa wa saba wa daftari la kwanza. *Ubao mpya umesimamishwa juu ya wa zamani kwa sm 52. Nimejumlisha.* Chini yake, kwa siku kumi na tisa mfululizo, kila namba ilikuwa na neno dogo pembeni, *nimejumlisha*.

"Ushahidi huo!" alisema, akapiga meza kwa kiganja. "Nilikwambia mimi."

Ukurasa uliofuata ulikuwa na barua iliyobanwa kwa pini iliyoshika kutu. Ilikuwa ya mistari mitatu. *Msomaji wa mto anakumbushwa kwamba kazi yake ni kusoma kilichopo ubaoni, si kufanya hesabu. Kujumlisha kukome mara moja. Wataalamu wapo.* Sahihi, mhuri, tarehe.

Aliikumbuka barua hiyo. Hata sasa, baada ya miaka yote hiyo, masikio yalimwaka moto. Alifungua ukurasa wa mbele yake na kuanza kutafuta yale maelezo aliyokuwa akiandika kila mwezi kuwakumbusha. Mwezi wa kwanza hapakuwa na kitu. Wa pili hapakuwa na kitu. Alidhani amekosea daftari, akachukua la mwaka uliofuata, kisha la uliofuata huo. Mama Subiri aliyekuwa akigonga karatasi mihuri alianza kumwangalia kwa pembe ya jicho.

Safu ya maelezo ilikuwa nyeupe. Miaka kumi na minne, asubuhi zaidi ya elfu tano, namba safi za kupendeza na pembeni yake hakuna neno. Alikuwa amemhakikishia binti yake. Si kwamba alimdanganya kwa kusudi; alikuwa amejisimulia mwenyewe habari hiyo mara nyingi hata akaisadiki, na kama madaftari yangeendelea kufungiwa stoo angekufa akiisadiki.

"Umepata yote, mzee?" aliuliza karani.

Palikuwa na njia rahisi. Ukurasa wa saba ulitosha. Mhandisi aliomba karatasi moja, na karatasi moja ilikuwapo, yenye kumpa mzee sifa. Angeipiga nakala, angekwenda kiwanjani, wodi ingeinuliwa, na mtu asingegusa madaftari mengine kumi na matano mpaka mchwa wayamalize. Alikaa na wazo hilo muda wa kutosha kulionea haya.

"Nilinuna," alisema.

"Unasemaje?"

"Nilinuna, mama. Waliponiletea hii barua nilikasirika. Nikasema, kama wanataka ubao, nitawapa ubao. Nikaacha kuandika. Nilikuwa najua kila asubuhi kwamba namba ninayoiandika ni ya uongo kwa sentimita hamsini na mbili, na nikaiandika kwa mwandiko mzuri." Alifuta uso kwa kile kitambaa cha vumbi. "Nikawa nawangoja waje waniulize. Hawakuja. Mwisho wake nikajisahaulisha."

Mama Subiri alitoka nyuma ya meza, akaketi kwenye benchi la wateja, upande wa mzee.

"Waliokuandikia barua ndio wenye makosa," alisema hatimaye.

"Wana lao. Mimi nina langu."

Walipiga nakala ya ukurasa wa saba, ya barua, na ya kurasa tatu zilizo tupu, maana mzee alishikilia kwamba na utupu ni taarifa. Saa nane mchana alikuwa kiwanjani. Mkunga alikuwepo, amevaa aproni yake, ametoka mara moja kutazama vibarua. Mhandisi alisoma ukurasa wa saba, akasoma barua. Kofia akaivua. Alimwita mpima wake, wakabeba kile chombo cha miguu mitatu mpaka darajani, kwenye jiwe la wapima ramani lililowekwa enzi za ubao wa zamani, wakapima kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye ubao. Walipima mara mbili.

"Hamsini na moja na nusu," alisema mhandisi.

"Futi yangu ilikuwa ya mbao," alisema Bwana Sentimita.

Kazi ilisimamishwa pale pale. Mhandisi, bado anatazama mto, alisema sakafu itapandishwa mpaka mita tatu na themanini, na kama kamati ya ujenzi itataka kubishana kuhusu ngazi za ziada, yeye ataileta kamati hapa na futi. Mkunga alimshika baba yake mkono kwa nguvu, akiwa na kila sababu ya kufurahi.

"Si ulisema uliandika kila mwezi!" alisema. "Nilijua. Baba yangu akisema kitu, kipo."

Mzee alimpa zile nakala tatu tupu. Mkunga alizigeuza upande huu na ule akitafuta maandishi, mpaka akaelewa. Mzee alimweleza kama alivyomweleza karani, kwa maneno yaleyale, kununa kukiwemo. Aliona kitu kikivunjika machoni mwa mwanawe. Kilimuuma kuliko alivyotarajia.

"Wanawake wangapi wangelala humo," mkunga alisema polepole, "kwa sababu wewe ulinuna."

"Kumi na wawili kwa mara moja."

Mkunga alirudi zahanati. Jioni walikula pamoja. Baba hakusahihisha kitu.

Ijumaa dirisha la masjala lilipofunguliwa, Bwana Sentimita alikuwa wa kwanza. Mama Subiri alikuwa ameanza kulichapa jedwali upya, safari hii lenye safu tatu.

"Nakusubiri wewe," alisema. "Kwenye maelezo niandike nini?"

"Andika: Kuanzia tarehe hii ubao upo juu ya ule wa zamani kwa sentimita hamsini na moja na nusu, jumlisha. Msomaji alijua. Hakuandika."

"Hayo ya mwisho hayana haja, baba yangu."

"Yana haja. Anayechukua namba ajue imepita mikononi mwa nani."

Karani aliandika kama alivyoambiwa. Mashine ilipokuwa ikichapa, mzee aliuliza jambo lililomnyima usingizi.

"Lile jedwali la zamani. Zaidi ya mhandisi wa wodi, alipewa nani mwingine?"

Karani alifungua kitabu cha nakala zilizotolewa. Zamani zilitolewa kwa barua tu, kwa wakubwa na wanaojuana na wakubwa, lakini kila iliyotoka iliandikwa. Alipitisha kidole chini, akihesabu kwa midomo.

"Kumi na moja," alisema. "Soko dogo. Ghala la dawa. Kivuko cha waenda kwa miguu. Watu saba waliojenga nyumba zao upande wa bondeni." Kidole kilisimama. "Na bweni la shule ya wasichana."

"Limekwisha jengwa?"

"Walihamia mwaka jana. Wasichana mia moja na arobaini."

Bwana Sentimita alishika ukingo wa dirisha. Bweni hilo alilijua. Alipita mbele yake kila wiki na kulisifu. Aliomba nakala kumi na moja, akaomba na anwani. Mama Subiri alizipanga, akazibana, kisha akamtazama yule mzee na magoti yake ya uzee, akafunga dirisha, akatundika kibao cha *Nimetoka*, akachukua mkoba wake.

Walipofika kwenye geti la shule, kengele ya mapumziko ilikuwa imepigwa na wasichana walikuwa wametapakaa uwanjani, wengine wakianua nguo kwenye kamba za bweni. Mlinzi alitoka kibandani na daftari la wageni.

"Mnatoka ofisi gani?"

Mama Subiri alitaka kujibu, lakini mzee alimtangulia.

"Mimi sitoki ofisi yoyote. Ndiye niliyekuwa nikisoma mto," alisema. "Kuna jambo nimelijua miaka kumi na sita, sikulisema. Nimekuja kumwambia mwalimu mkuu, na kila anayelala humo ndani."

Mlinzi alimtazama, akayatazama yale makaratasi, akafungua geti.